Jumanne: Pete Ndani ya Tone la Damu

Soma Zaburi 139:13–16. Daudi anastaajabia kazi gani ya Mungu ambayo macho yake mwenyewe hayakupata kuiona?

Handeni na Korogwe ni wilaya zinazoijua malaria. Mjini Korogwe kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kimoja kati ya vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S kwa watoto, kuanzia 2009 hadi 2014. Katika kazi kama hiyo mengi hutegemea tone moja la damu lililopakwa juu ya kioo.

Damu nayo ni tishu, kama ngozi au msuli. Ikitandazwa nyembamba huonekana kama doa lililofifia tu. Mtaalamu wa maabara huitia rangi ya Giemsa, husubiri, kisha huitazama kwa hadubini ikiwa imekuzwa mara 1,000. Hapo ndipo mambo hubadilika! Seli nyekundu ni visahani vya waridi, vimefifia katikati. Seli nyeupe hubeba viini vya zambarau, vingine vimegawanyika mapande mapande kama petali. Uzuri huu wote ulikuwa ndani ya mtoto anayelia kwa kuchomwa kidole.

Lakini kimelea cha malaria kichanga nacho kinapendeza: pete nyembamba ya buluu yenye kito chekundu. Mwanafunzi wa maabara anaweza kuvutiwa nacho kabla hajakumbuka kwamba nje kuna mtoto mwenye homa. Seli mundu nazo zimepinda kama mwezi mwandamo, na huleta maumivu makali. Hata hivyo, aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Hesabu si rahisi.

Zaburi yenyewe haifichi jambo hili. Katika mafungu ya 19–22 Daudi anageuka ghafla kuwalalamikia waovu. Sifa yake haikutoka katika dunia isiyo na maumivu. Mtaalamu naye, pamoja na kustaajabu, hukagua maeneo yasiyopungua 100 ya kioo kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea.

Jadilini darasani: Mama anayengoja majibu barazani, mtoto akiwa mgongoni, angesomewaje Zaburi hii? Je, asomewe kabla ya dawa, au baadaye?