Daraja Lisilovukika: Chimbuko la Dhana ya Vichochoro vya Anga

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapojaribu kueleza fizikia ya kisasa kwa lugha yake, aghalabu hukwama kwenye majina kabla ya kuifikia maana. Makala haya yanachunguza dhana moja ya aina hiyo: njia ya mkato inayodhaniwa kuunganisha sehemu mbili za anga zilizo mbalimbali mno. Je, dhana hii ilitoka wapi? Je, kitu chenyewe kipo? Na tukiite nani?

Chimbuko

Mnamo 1915, Albert Einstein alikamilisha Nadharia ya Jumla ya Uhusianifu. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mvutano ni kupindika kwa anga na wakati kunakosababishwa na maada na nishati. Mwaka 1935, Einstein na Nathan Rosen walionyesha kwamba milinganyo hiyo inaruhusu tandiko mbili za anga kuunganishwa na “daraja”. Ikumbukwe kuwa hawakuwaza safari. Walitafuta namna ya kueleza chembe za maada bila kuangukia nukta ambapo hesabu huvunjika. Mwaka 1957, Charles Misner na John Wheeler walitumia jina jipya, lenye taswira ya mdudu anayetoboa tunda badala ya kulizunguka.

Uwezekano wa kuwepo

Mwaka 1962, Wheeler na Robert Fuller walibainisha kuwa daraja hilo hujifunga upesi kiasi kwamba hata nuru haiwahi kuvuka. Mwaka 1988, Michael Morris na Kip Thorne walieleza njia inayoweza kupitika, mradi iwe na maada ya ajabu yenye nishati hasi ya kuizuia isifunge. Nishati ya namna hiyo hujitokeza kwa kiasi kidogo mno baina ya mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana sana, kama alivyotabiri Hendrik Casimir mwaka 1948. Hakuna ajuaye namna ya kuipata kwa wingi unaohitajika.

Wapo watakaosema kuwa shimo jeusi nalo lilianza kama hesabu tupu, na hatimaye picha ya kwanza ya kivuli chake ikatolewa mwaka 2019. Hoja hiyo ina mashiko, lakini ina upungufu. Shimo jeusi lina asili inayoeleweka, kwa mfano nyota kubwa inayojiporomokea. Njia hii ya mkato haina asili inayojulikana, wala haijawahi kuonekana. Kuruhusiwa na hesabu si kuwepo.

Suala la istilahi

Tafsiri sisisi, “tundu la mnyoo”, humpeleka msomaji tumboni. “Tundu la funza” humpeleka Mkenya kwenye kidole cha mguu. “Daraja” nalo huahidi kuvuka, ilhali la Einstein na Rosen halivukiki. Makala haya yanapendekeza “kichochoro cha anga”. Mkaazi wa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa anajua kuwa kichochoro ni chembamba, hufupisha mwendo, na pengine huishia ukutani. Jina hilo halidai zaidi ya yale ambayo sayansi imethibitisha.

Hitimisho

Imebainika kuwa vichochoro vya anga vina msingi imara wa kinadharia, ila havina ushahidi. Anayeunda istilahi hana budi kuielewa dhana kwanza, kwani jina baya hufundisha kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa.