Harufu Njema kwa Mzazi Aliyeelemewa na Huzuni: Kijitabu cha Jamaa za Uvira

Siku za mwanzo baada ya kujifungua si ajabu mzazi akalia pasipo sababu iliyo dhahiri, akaghadhibika upesi na usingizi ukamruka, na aghalabu hali hiyo huondoka yenyewe kabla ya wiki mbili kutimia. Bali huzuni ikizidi muda huo, na mama ambaye zamani alianika ndagala pamoja na wenzake kule Kalundu sasa hatoki nje, hali akashiba, wala hana hamu ya kumpakata mwanawe, basi hayo ni maradhi yaitwayo sonona, si uvivu, wala si uchawi, wala si upungufu wa mapenzi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea takriban mama mmoja katika kila watano hupatwa na maradhi ya nafsi baada ya kuzaa, na sonona ndiyo iliyo nyingi. Na hapa petu, ambapo mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020 ukabomoa maelfu ya nyumba, na vita vikawahamisha watu mara kwa mara, mambo ya kumwelemea mzazi hayakosi.

Watu wa pwani wamemfukizia mzazi udi na ubani tangu kale, nao wataalamu wa siku hizi wameitafiti faida ya manukato. Mwaka 2012, huko Indianapolis nchini Marekani, wanawake 28 waliokuwa katika hatari ya sonona walifuatiliwa kwa wiki 4; waliopewa mafuta ya waridi na lavenda kwa robo saa, mara mbili kwa wiki, wengine kwa kunusa na wengine kwa kukandwa mikono, walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao. Idadi hiyo ni ndogo, na mtu hawezi kufichwa anachokinusa, hivyo haijulikani kazi ipi ni ya mafuta na ipi ni ya yule aliyeketi naye akamshika mkono. Kwa hiyo manukato ni msaidizi wa tiba, wala si badala yake.

Anayependa kumfariji mzazi hana haja ya mafuta ya ghali. Na achukue majani ya mchaichai, ayapondeponde kidogo, ayatie katika beseni la maji ya moto, angoje yapoe hata mkono uweze kuyastahimili, kisha amwoshe mama miguu taratibu, mlango ukiwa wazi na mtoto akiwa mikononi mwa shangazi au bibi, huku akimsikiliza bila kumkatiza wala kumlaumu. Na harufu ikimchefua, iondolewe mara moja. Mafuta makali ya kununua hayanywewi kabisa. Yakipakwa, yawe matone 2 katika kijiko kikubwa cha mafuta ya kula, wala yasifike kwenye matiti. Karatusi, kafuri na dawa za mafua zenye harufu kali zisikaribie pua ya mtoto mchanga, kwani zaweza kumziba pumzi au kumtia degedege. Nao ubani kufukizwa ndani ya chumba kilichofungwa huwadhuru wote wawili.

Tiba yenyewe iko kwa wauguzi na matabibu, nayo ni mazungumzo ya mfululizo na, ikihitajika, dawa, ambazo baadhi yake mama huweza kuzitumia naye akinyonyesha. Nchini Pakistan, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, waliofundishwa kuwatembelea akina mama na kuzungumza nao majumbani, waliipunguza sonona kwa zaidi ya nusu. Jambo hilo latutia moyo sana sisi tulio na matabibu wachache.

Mume na mama mkwe wasiogope kumwuliza waziwazi, "Mama, umewahi kufikiri kujidhuru?", kwani swali hilo halimtii wazo baya. Akijibu ndiyo, au akisikia sauti wasizozisikia wengine, au akikesha siku kadhaa bila kuhisi haja ya usingizi, apelekwe hospitali siku ileile, usiku ukiwa umeingia au haujaingia, asiachwe peke yake hata kitambo, na mtoto achukuliwe pamoja naye akiwa na mtu mwingine wa kumlea.