Seva Moja, Wapangaji Wengi

Wanachama wenzangu, hebu leo tuongee kuhusu seva, ile tarakilishi inayohudumia nyingine. Ndani ya seva moja huweza kuishi mashine pepe nyingi, yaani tarakilishi zisizo na mwili, zilizoundwa kwa programu tu. Ni kama wapangaji, na kila mmoja hudhani ati nyumba nzima ni yake.

Shida ni kumbukumbu. RAM ni ghali, na sehemu kubwa ya yaliyomo huwa imelala tu. Basi programu inayosimamia seva huhamisha kurasa zilizolala hadi diski ya NVMe, iliyo nafuu, na kuacha zinazotumika ndani ya RAM. VMware iliingiza mbinu hii katika vSphere 8 mwaka wa 2024, kwa majaribio. Hivyo wapangaji huongezeka.

Rafiki yangu alipinga akisema huo ni udanganyifu, kuahidi RAM isiyokuwapo. Nikamwambia Atlas ya Manchester ilifanya karibu vivyo hivyo mwaka wa 1962, kwa kuchanganya kumbukumbu ya haraka na pipa la sumaku lililokuwa kubwa mara sita.

Lakini ana hoja. RAM hujibu kwa nanosekunde 100 hivi. NVMe huchukua makumi ya maikrosekunde. Mashine zote zikiamka pamoja, seva itakuwa yatoa huku, yarudisha kule, na kazi haiendi. Ndiyo maana VMware hushauri kurasa zinazotumika zisizidi nusu ya RAM.