Sauti ya Kwanza Kinywani mwa Mtoto

Jueni, ndugu zangu watu wa pwani, mliohamia huku ziwani na mliobaki kwenu, ya kuwa mtoto aweza kuimba alifu, be, te mpaka zikatimia herufi 28, walakini ukimuuliza neno "samaki" laanza kwa sauti gani, hana la kukujibu. Amehifadhi majina, sauti hajazijua. "Jimu" ni jina la herufi. Sauti yake ni ile ya mwanzo wa jina tu. Mwalimu asiyepambanua mawili haya humchosha mtoto bure.

Huku kwetu Ilemela, katika mkoa wa Mwanza, jambo hili lina uzito zaidi. Wengi wa watoto tuwasomeshao ni Wasukuma na Wakerewe, na wana wa wavuvi, na lugha zao za nyumbani hazikuwazoesha kutenga re na lamu. Husema "labbi" mahali pa "rabbi". Na sura ya Fatiha, pamoja na bismillahi ambayo kwetu Mashafii ni aya yake ya kwanza, ina re mahali panane. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaji ya kuwa msomaji aliye sawa hasihi kumfuata ummi katika sala. Na ummi ni yule aharibuye herufi moja au shada moja ya Fatiha, na miongoni mwao ni mwenye kuigeuza herufi ikawa nyingine. Huyo husalisha walio mfano wake tu. Aliyejitahidi akashindwa ana udhuru, na sala yake mwenyewe yasihi. Aliyeweza kujifunza akapuuza, hana udhuru.

Basi mtazameni mtoto wa miaka mitano anayechekwa leo mlangoni pa chuo. Akikua aweza kuwa mjuzi wa fiq-hi kuliko wote waliomo msikitini, naye asiweze kutangulia mbele, kwa ajili ya re moja. Nani basi aliyepuuza? Yeye alikuwa mtoto.

Na vicheko hivyo, tuseme kweli, vingi vyatoka kwetu. Mtu wa pwani humwigiza mtoto wa ziwani mbele ya wenzake, na mtoto akiisha kuona haya hafumbui kinywa tena. Nasi je? Twasema "habari" na "heri", na asili yake ni khe. Twasema "kahawa", na asili yake ni qafu. Na ile he ya katikati ya koo, ambayo imo katika Fatiha mahali patano, wangapi wetu huisoma kama ha ya "hewa"?

Elimu hii ni ya kinywa kabla ya kuwa ya karatasi. Khalil bin Ahmad, katika karne ya pili ya Hijra, aliipanga kamusi yake kwa makhraji za herufi, akaanza na zile za kooni, hakuanza na alifu na be. Imepokewa ya kuwa alikuwa akiionja kila herufi kwa kutanguliza hamza na kuitia herufi sukuni: ab, at, agh. Mtoto naye aweza kuonja vivyo hivyo, na mikono yake imsaidie.

Wiki za mwanzo, kwa hiyo, hatushiki ubao. Mtoto huweka vidole kooni akasema sini, kisha ze. Yapili hutetemesha koo, ya kwanza haitetemeshi. Ain na he makhraji yao ni moja, na kidole hicho hicho huzitenga. Hubana pua akasema mimu na nuni, akaona zimekwama. Kwa the, humtazama mwenziwe kama ncha ya ulimi imechungulia baina ya meno. Isipochungulia, hiyo ni sini.

Kisha twatoka mchangani. Twachora duara mbili, kila mtoto na kokoto yake, na mwalimu hutamka: thamani, samani, dhana, zana, raha, laha. Mtoto huitia kokoto katika duara ya sauti aliyoisikia mwanzo wa neno. Hapa hatumtaki aseme kitu, kwani asiyesikia tofauti hawezi kuitamka, na walimu wengi huuadhibu ulimi kwa kosa la sikio. Siku nyingine huleta vitu: kasia, kamba, kikapu, vyote vya kafu. Mtoto mmoja alileta makasia mawili akayaweka penye mimu. Wenziwe wakapiga kelele, lakini yeye ndiye aliyepata: kasia likiwa moja laanza kwa kafu, yakiwa mawili yaanza kwa mimu. Lugha yetu hugeuza mwanzo wa neno, na mwalimu ajihadhari na hilo.

Re huja baada ya sikio kufunguka. Kwa lamu mtoto hulaza kiganja juu ya mkeka kikatulia. Kwa re hugonga kidogo kwa ncha za vidole, na ulimi huiga vidole. Husema "da-da-da" kwa wepesi, ulimi ukigusa kidogo kidogo nyuma ya meno ya juu, mpaka "ra" itoke yenyewe. Wala asiikokote kama ngoma. Wanazuoni wa tajwidi wamekataza kuikariri re kupita kiasi. Dakika chache kila siku baada ya alasiri zatosha.

Ndipo tushikapo ubao. Be, te na nuni mwanzoni mwa neno sura yao ni moja, zatengwa kwa nukta tu. Mtoto aliyekwisha kuzijua sauti huzitia nukta mwenyewe. Twaanza kuandika herufi 21 zilizomo katika Fatiha. The, jimu, khe, ze, shini, dhwe na fe hazimo, nazo huandikwa baadaye.