Usiache dawa ya kolesteroli kwa kuhofia ini

Huenda daktari amekuandikia vidonge vya kupunguza kolesteroli, yaani mafuta yanayoziba mishipa ya damu, nawe ukasoma kwenye karatasi ya pakiti kwamba vyaweza kudhuru ini. Je, uviache?

La. Dawa za jamii ya statini, kama atovastatini, hufanya kazi ndani ya ini lenyewe, kwani huko ndiko kolesteroli nyingi hutengenezwa. Kwa wagonjwa wachache, vimeng'enya vya ini huongezeka kidogo katika damu, na mara nyingi hushuka vyenyewe bila kuacha dawa. Vikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na kubaki hapo, daktari hupunguza dawa au kuibadilisha. Ini kuharibika vibaya ni nadra sana. Ndiyo sababu mwaka 2012 wasimamizi wa dawa nchini Marekani walisema kwamba inatosha kupima ini kabla ya kuanza dawa, na baadaye dalili zikitokea.

Mweleze daktari wako ukweli kuhusu pombe, dawa za mitishamba na vidonge vingine unavyotumia.

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au ukahisi maumivu chini ya mbavu za kulia, muone daktari siku hiyo hiyo.

Pasipo dalili hizo, endelea kumeza dawa. Anayeiacha ovyo hujiweka karibu na kiharusi na mshtuko wa moyo, na hatari hizo si nadra.