Ng'ombe Asiyeshika Mimba: Lishe Kabla ya Mbegu

Kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha, minadani hufikishwa ng'ombe wa maziwa wenye umri mzuri, viwele vyema na meno kamili, ambao wenyewe wamekata tamaa nao. Maelezo ya muuzaji ni mafupi: huyu ni tasa. Amepandishwa mara tatu au nne, kwa dume au kwa mrija, na kila baada ya wiki tatu hurudia joto. Mchinjaji humnunua kwa bei ya nyama, na familia iliyotegemea maziwa yake kwa uji wa watoto na mahitaji ya shule hubaki na fedha isiyotosha kununua mtamba mwingine. Wapo kati ya ng'ombe hao wenye kasoro za kweli za kizazi. Hata hivyo, utafiti wa miaka mingi juu ya lishe na uzazi unamtaka mfugaji aulize swali jingine kabla ya kumpeleka mnyama wake mnadani: ng'ombe huyu alikula nini miezi mitatu iliyopita?

Mwili wa ng'ombe hugawa chakula kwa zamu. Kwanza ni kuishi: kupumua, kutembea, kuhifadhi joto la mwili. Ng'ombe mchanga huongeza hapo mahitaji ya kukua kwake mwenyewe. Akiwa amezaa, maziwa ya ndama hutangulia karibu kila kitu. Uzazi mpya huja nyuma ya yote hayo, na hakuna ajabu, kwa kuwa mnyama asiye na akiba hawezi kubeba mimba nyingine bila kuhatarisha ndama aliye naye. Katika wiki za kwanza baada ya kuzaa, maziwa hupanda upesi kuliko hamu ya kula. Upungufu huo hufidiwa kwa mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, na ndiyo maana ng'ombe aliyezaa hukonda hata akitunzwa vizuri. Upungufu ukizidi, ubongo hupunguza homoni zinazoamuru yai kukomaa na kutoka. Ng'ombe huacha kuonyesha joto, au huonyesha dalili hafifu zisizotambuliwa na mtu yeyote zizini.

Uzito wa jambo hili ulionyeshwa na W. R. Butler na R. D. Smith wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1989. Waliwagawa ng'ombe wa maziwa kwa kiasi walichokonda baada ya kuzaa, kwa kipimo cha alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni unene uliopita kiasi. Waliopoteza chini ya nusu alama walishika mimba kwa upandishaji wa kwanza kwa asilimia 65. Waliopoteza kati ya nusu alama na alama moja walikuwa asilimia 53. Waliopoteza zaidi ya alama moja walikuwa asilimia 17 tu. Ng'ombe wa Cornell walikuwa wa maziwa mengi mno kuliko wa wafugaji wadogo wa Tanzania, na tarakimu hizo hazipaswi kunakiliwa kama zilivyo. Mwelekeo wake, lakini, ni uleule unaoonekana katika banda la nyasi kama katika banda la saruji.

Kipimo hicho hakihitaji mashine. Mfugaji hupapasa mbavu fupi zilizo nyuma ya mbavu kuu, mifupa ya nyonga na pande mbili za shina la mkia. Vidole vikigusa mfupa mkali bila nyama juu yake, alama ni ya chini. Vikilazimika kubonyeza kidogo ndipo vihisi mfupa, ng'ombe yuko katikati, karibu na 3, na hapo ndipo anapotakiwa kuwa siku ya kuzaa. Unene wa kupindukia nao una hasara zake, hasa uzazi mgumu, ingawa tatizo hilo ni nadra katika mazizi ya vijijini.

Kuna jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawajalisikia. Yai linalotoka siku ya joto halikuanza kukua wiki hiyo. Safari yake ndani ya ovari huchukua zaidi ya miezi miwili, na watafiti wa uzazi hueleza kwamba njaa inayolikuta yai katika safari hiyo inaweza kulidhoofisha hata kama ng'ombe atakuwa ameshashiba siku ya kupandishwa. Kwa hiyo ndoo ya pumba inayotolewa jioni ya kumngoja mhimilishaji imechelewa. Mtaalamu anaweza kuwa hodari, mbegu ikawa ya dume bora, na gharama yote ikapotea kwa sababu ya majani yaliyokosekana muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Tatizo la kiangazi haliishii katika uchache wa majani, kwa kuwa ubora wake pia hushuka. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe huishi bakteria wengi wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja nyuzi za majani ambazo ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuzivunja. Bakteria hao nao wanahitaji protini. Majani yanapokuwa na protini ya chini ya asilimia 7 hivi, kazi yao hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hula kidogo zaidi kwa sababu hana nafasi. Nyasi za asili zilizokauka zikiwa zimesimama, pamoja na mabua ya mahindi, aghalabu ziko chini ya kiwango hicho. Mfugaji huona tumbo limejaa na kudhani ameshibisha, kumbe amejaza tu.

Wazee walilijua tatizo hili kabla ya maabara. Wasukuma wa Shinyanga na mikoa ya jirani hutenga ngitiri, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijenga juu ya desturi hiyo na kurudisha miti na malisho katika ardhi iliyokuwa imechakaa. Ngitiri huokoa uhai wa mifugo. Kasoro yake ni kwamba nyasi iliyoachwa isimame hadi Septemba imekwisha kuzaa mbegu na kupoteza sehemu kubwa ya protini yake. Nyasi hiyohiyo ikikatwa inapoanza kuchanua, ikakaushwa na kufungwa, huwa chakula cha aina nyingine kabisa.

Hapo ndipo hei inapoingia. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, wakati wa kukata ni mwishoni mwa mvua, Aprili na mwanzoni mwa Mei, jua linaporudi na nyasi zingali na rangi ya kijani. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, hutoa robota la kilo 20 hivi likishindiliwa kwa miguu. Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Oktoba ni siku 123, hivyo mahitaji yake ni kilo 1,230, sawa na marobota 61 au 62. Nusu ikitokana na mabua na majani ya kukatwa, yabaki marobota 31. Ni kazi nzito, na katika kaya nyingi huwaangukia wanawake na vijana ambao tayari wanabeba majani kila siku. Lakini robota lililofungwa Aprili karibu na nyumba huondoa safari ya kilomita kadhaa ya kutafuta majani Septemba, na hesabu hiyo nayo inastahili kufanywa na mwenye ng'ombe.

Hei isiyotosha kwa kiangazi chote isigawanywe sawasawa. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Aliyehimilishwa katikati ya Machi atazaa karibu na Krismasi, majani mapya yakiwa yanachipua. Maziwa yatapanda wakati chakula kipo, na mwishoni mwa Februari au Machi atakuwa tayari kupandishwa tena, akiwa na ndama mmoja kila mwaka. Ugumu wa kalenda hiyo ni kwamba miezi miwili ya mwisho ya mimba, ambapo ng'ombe huachishwa kukamuliwa na ndama hukua kwa kasi tumboni, huangukia kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba, wakati ghala la majani liko tupu. Marobota bora yahifadhiwe kwa ajili ya wiki hizo. Kalenda yenyewe si amri. Mwenye ng'ombe wawili anaweza kuona afadhali wapishane, ili nyumba isikose maziwa na asilazimike kuyauza yote wakati ambao kila jirani ana maziwa. La msingi ni kwamba mwezi wa kuhimilisha uchaguliwe kwa kutazama mwezi wa kuzaa.

Mabua ya mahindi na majani ya mpunga, ambayo mashamba mengi huyachoma, yanaweza kuongezewa thamani kwa urea, mbolea ileile ya dukani. Kilo 4 hadi 5 huyeyushwa katika maji ya lita 50 hadi 100, hunyunyiziwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha rundo hushindiliwa na kufunikwa kwa nailoni lisipitishe hewa kwa siku 21. Hewa kali inayotoka humo hulainisha nyuzi na kuwaongezea bakteria chakula. Rundo lianikwe kidogo kabla ya kulisha ili harufu ipungue. Hapa tahadhari si ya kupuuzwa: maji ya urea yakinywewa, au punje zake zikilambwa, ng'ombe hufa kwa muda mfupi. Ndama wadogo na punda wasipewe kabisa chakula hicho. Kwa mara ya kwanza kazi hii ifanyike pamoja na ofisa ugani wa kata.

Njia salama zaidi ya kuongeza protini ni kuiotesha. Majani ya lukina yana protini ya asilimia 20 na zaidi, na mti ukishashika mizizi hustahimili ukame kuliko nyasi. Una sumu yake, mimosini, na kwa miaka mingi wafugaji wa Australia waliona mifugo yao ikinyonyoka manyoya kwa kuila kwa wingi, ilhali mbuzi wa Hawaii waliila bila madhara. Mtafiti Raymond Jones aligundua kwamba mbuzi hao walikuwa na bakteria tumboni wanaoivunja sumu hiyo. Mapema miaka ya 1980 bakteria hao walipelekwa Australia, na baadaye, mwaka 1992, aina yao ikapewa jina lake, Synergistes jonesii. Mfugaji asiye na uhakika wa tumbo la ng'ombe wake afuate kanuni ya zamani, lukina isizidi theluthi moja ya mlo.

Kwa upande wa nyasi, majani ya tembo na Guatemala yangali nguzo ya wafugaji wa ndani, ingawa ugonjwa wa udumavu wa majani ya tembo, ulioenea magharibi mwa Kenya na Uganda, umewafundisha watafiti hatari ya kutegemea nyasi moja. Ndiyo sababu brakiaria inapata nafasi. Asili yake ni Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo. Mbegu zake zilikusanywa katika miaka ya 1980, zikaboreshwa Colombia, zikawa malisho makubwa ya Amerika ya Kusini, na sasa zinarudi zikiwa aina kama Mulato II, kama mtoto aliyesomeshwa mbali. Zikichanganywa na desmodiamu au jamii nyingine ya kunde, udongo na ng'ombe wote hunufaika. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, kikiwemo cha Mpwapwa, hufanya kazi ya malisho na ya koosafu za ng'ombe, na maswali ya mbegu ifaayo kwa udongo fulani hupitia kwa ofisa ugani.

Baada ya lishe ndipo mbegu inapopewa haki yake. Mbegu inayotoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Haisamehi uzembe wa muda. Kanuni iliyotokana na utafiti wa Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940 bado inafuatwa: ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Dalili ya uhakika ni kusimama tuli anapopandwa na wenzake. Ute mwepesi, kelele na kupungua kwa maziwa ni dalili za kusaidia. Ng'ombe wa damu ya zebu huwa na joto fupi, mara nyingi usiku, hivyo anayetazama zizi mara moja tu mchana hukosa mengi. Tarehe ya joto iandikwe ukutani au daftarini, na siku 21 baadaye zizi litazamwe mapema alfajiri.

Ng'ombe mwenye alama nzuri ya mwili, anayepata chumvi ya madini na maji ya kutosha, aliyehimilishwa kwa wakati mara tatu asishike, sasa ana haki ya kuitwa mgonjwa na kupimwa. Vivyo hivyo anayetoa usaha, aliyebakiza kondo la nyuma, au aliyetupa mimba. Kutupa mimba kuripotiwe kwa mtaalamu wa mifugo bila kuchelewa, kwa kuwa huenda ni bruselosi, ambayo humwambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kugusa mimba iliyotoka. Wa nyumba hiyo wachemshe maziwa, na aliyeishika mimba hiyo kwa mikono mitupu aende zahanati hata kabla ya ng'ombe kupimwa.