Duka la Mtandaoni Likianguka, Usitafute Mchawi

Maswali haya ya vijana wanaoandika programu za maduka ya mtandaoni anayajibu mhandisi aliyezeeka katika kazi hiyo.

Kwa nini kila mara unaitaja Etsy?

Kwa sababu hawakuficha wanavyofanya kazi. Etsy ilianzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, New York, na ni soko la watu wanaouza vitu vya mikono: mapambo, nguo za kufuma, vyungu. Zamani kupeleka mabadiliko hewani kuliwachukua saa kadhaa, roho mkononi. Kufikia 2014 walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya mara 50 kwa siku, na wanunuzi wanaendelea kulipa kama kawaida.

Mara 50! Huko si kujitafutia balaa?

Balaa ni kulimbikiza. Chukua kazi ya mwezi mzima ya watu kumi, uimwage hewani Ijumaa jioni. Kitufe cha kulipa kikigoma, utaanzia wapi? Lakini kama kilichoingia ni mistari kumi na miwili, tena dakika tano zilizopita, grafu ya malipo ikishuka unajua moja kwa moja pa kutazama.

Ndiyo maana grafu ni lazima. Mwaka 2011 Etsy waliitoa bure StatsD, programu ndogo ya kuhesabu matukio: nani ameingia, nani amejaza kikapu, nani amelipa. Kisha kuna swichi. Kipengele kipya hupelekwa hewani kikiwa kimezimwa, kikawashwa kwa wafanyakazi kwanza, halafu kwa wanunuzi wachache, halafu kwa wote. Kikileta kero, kinazimwa papo hapo.

Hata mgeni anaruhusiwa kugusa?

Siku yake ya kwanza. Pale Etsy mhandisi mpya alijiongeza kwenye ukurasa wa wafanyakazi na kuupeleka hewani yeye mwenyewe. Naupenda sana utaratibu huo, kwa maana njia ambayo mgeni anaweza kuipita salama ni salama kwa kila mtu.

Na anayeangusha duka hafukuzwi?

Hapa ndipo kwenye mzizi wa jambo. Nikiwa bado kijana, katika duka moja nililofanyia kazi, niliendesha amri ya kufuta bei za zamani, ikafuta na za siku ile. Sufuria zikasomeka shilingi sifuri. Bosi akaingia chumbani na kuuliza mbele ya wote, "Nani kafanya hivi?" Nikanyamaza. Wenzangu walihangaika na seva kwa saa tatu, na mimi nilikuwa najua tatizo liko wapi. Nilipokiri, bei zilirudi kwa dakika tano. Saa zile tatu ziliibwa na woga, na sijazisahau.

John Allspaw, aliyekuwa akiongoza shughuli za mitambo pale Etsy, aliandika mwaka 2012 juu ya vikao vya baada ya hitilafu visivyotafuta mchawi. Aliyekosea hupewa nafasi ya kusimulia bila kuogopa adhabu: uliona nini, ulitarajia nini, kwa nini hatua ile ilionekana sahihi wakati ule? Majibu yake ndiyo yanayoonyesha mfumo ulipomwacha bila kinga. Kwangu mimi, swali lililopaswa kuulizwa ni kwa nini amri ile haikuniuliza "Una hakika?" kabla ya kufuta. Pale Etsy kulikuwa hata na sweta halisi yenye mikono mitatu, tuzo ya kila mwaka kwa mhandisi aliyeharibu jambo kwa namna iliyowashangaza wote.

Tuko wanne tu. Tuanzie wapi?

Mitambo itangoja. Hitilafu ijayo ikishatengenezwa, kaeni saa moja, na anayeongoza timu aanze kwa kusimulia kosa lake mwenyewe. Andikeni mlichojifunza mahali ambapo kila mmoja atakisoma, na rekebisheni angalau kitu kimoja kabla ya wiki kwisha. Nawasihi msianze kikao hicho kwa kuuliza "nani".